Jogoo wa Patalo

Kuku akiishiwa nguvu za miguu mtaani kwetu Kabondo, analetwa kwangu. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za Wabelgiji, na kabla yangu waliletwa kwa mama yangu. Sitajifanya mnyenyekevu: kuku ninawajua. Nikimshika mmoja nikatazama anavyokunja vidole, nitakuambia kama amepigwa, kama amefungwa kamba siku nyingi, kama ana minyoo, au kama ni ule ugonjwa wa kupinda shingo ambao dawa yake ni sufuria tu. Kwa miguu nina majani machungu ya kongobololo, nina tangawizi, nina shubiri, nina mafuta ya mawese ya kukandia. Mbuzi siwagusi. Watu pia siwagusi, ingawa yuko mmoja niliyemfikisha mahali pake kwa njia ya kuku, na sijawahi kumwombea rehema.

Aliitwa Sébastien, mtu wa Yanonge. Zamani alikuwa akishuka mtoni na mtumbwi wake, pirogi iliyojaa matenga ya kuku, anawauza sokoni, na wale waliolegea njiani alinipa niwatibu. Mtaani hakuna aliyemwita Sébastien. Tulimwita Patalo, yaani suruali, na jina hilo alipewa na mume wangu Amuri.

Ilikuwa mwaka wa uhuru. Amuri alikuwa fundi cherehani, anashona barazani kwetu, na mwezi ule wa Juni mwaka 1960 kila mwanaume wa Kisangani alitaka suruali mpya. Sébastien akaja akataka ya kubana, kama aliyoiona kwenye gazeti la Wazungu. Amuri akamwambia itapasuka, wewe una mapaja ya mpiga kasia. Sébastien akasema shona. Amuri akashona. Siku ya sherehe, watu wamejaa bar, muziki unapigwa, Sébastien akacheza vizuri sana mpaka akainama kuokota chupa yake, na suruali ikachanika kuanzia mbele mpaka nyuma. Amuri alicheka mpaka akakaa chini mavumbini, akishika mbavu. Alikuwa na kicheko cha kuambukiza, mume wangu. Bar nzima ikacheka, kisha mtaa, kisha soko. Kuanzia siku ile Sébastien akawa Patalo, hata watoto walimwimbia. Akaacha kuuza kuku Kabondo. Tulidhani mambo yameisha.

Miaka minne baadaye, mwezi wa Agosti, waasi waliojiita Simba wakauteka mji. Wiki ya pili, mchana, Amuri yuko kwenye cherehani yake, baraza yetu ikajaa watu wenye majani kifuani na mikuki na bunduki. Mbele yao alisimama Sébastien na kipande cha ngozi ya chui kichwani.

"Amuri," akasema, "cheka."

"Nicheke nini, Sébastien?"

"Miye iko commandant. Ulicheka mbele ya cité, mutaa muzima. Alors, cheka tena, tusikie."

Amuri alijaribu. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Mtu yule aliyekuwa akicheka bila kuombwa alijaribu kweli, na kilichotoka kilikuwa kikohozi. Sébastien akageuka akawaambia watu wake kwamba fundi huyu aliwashonea askari wa serikali sare zao. Ni kweli aliwashonea. Aliwashonea pia mapadri, makarani, na wanafunzi, maana ndiyo kazi ya fundi. Wakamchukua na tepe ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Siku ya tatu jirani yetu Célestin aliniletea kofia ya Amuri, ile nyeupe aliyoidarizi mwenyewe. Mwili hatukupewa mpaka leo. Sina kaburi la kufagia. Nikavaa nguo nyeupe, nikaingia eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, pazia mlangoni, mwanaume asiye wa ukoo asinione. Na humo ndani, badala ya kumwomba Mungu anipe subira, nilimwomba anipe Sébastien. Nilimwomba asubuhi na nilimwomba jioni, kwa sauti, mpaka binti yangu Kadidja akaniambia, mama, hiyo si dua.

Aliyenilisha katika miezi ile alikuwa Angèle, mke wa Célestin. Ua mmoja tu wa miti ulitutenganisha. Yeye ni Mkristo wa Isangi, mwembamba, mchache wa maneno, na kila siku alinipitishia kitu juu ya ua: leo pondu ya majani ya muhogo, kesho samaki kutoka kwa wavuvi Wagenia, siku nyingine fufu tu iliyofungwa kwenye jani. Hakuwahi kusema ni shida gani aliyoipata kukipata. Célestin mwenyewe alikuwa seremala, mrefu, mwenye mikono mikubwa na utani mwingi. Simba walimkamata njiani mwezi wa Septemba wakamtia katika kikosi cha Sébastien, awabebee mizigo. Hakuwa mwasi wa moyo. Alifuata kwa sababu waliokataa kufuata tulijua walikoishia.

Sasa njoo mwezi wa Novemba, alasiri moja baada ya mvua. Nasikia hodi barazani. Nachungulia pembeni mwa pazia, na nani nimwone amekaa kwenye benchi la Amuri? Sébastien. Nyuma yake Célestin, amebeba kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa chekundu.

"Mama Kadidja," Sébastien akasema, "pole na musiba."

Nikalivuta pazia lizidi kufunga, naye akaendelea.

"Ile ya Amuri ilikuwa kazi, mama. Kila mutu na kazi yake. Bon. Miye nakuja juu ya kuku."

Alisema hivyo, jamani, kwa upole, kama mtu aliyekuja kuomba moto wa jikoni. Nilishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Akaeleza. Mganga wa kikosi chao alikuwa amewapa jogoo. Siku ya vita jogoo huyo atabebwa pamoja nao, na maadamu anaweza kusimama kwa miguu miwili, risasi za adui zitageuka maji. Lakini dawa ilikuwa na masharti yake. Jogoo asiguswe na mkono wa mwanamke. Asione jua mpaka siku yenyewe. Asile kitu kilichodondoka chini. Na mpiganaji anayemfuata asigeuke nyuma wala asilale chini, aende mbele tu, la sivyo dawa inamtoka.

"Sasa ni siku ine, kuku haisimame," Sébastien akasema. "Banatuita tuende ku barabara ya Lubutu, Bazungu ba mercenaires, askari ba kulipwa, banakuja na magari. Kuku ikianguka, hapana kutoka. Mais watu yangu hawajue bado. Njo maana nakuja kwako."

"Na nikishindwa kumponya?"

"Ukishindwa, sema tu, hakuna mubaya. Kikosi ingine itaenda. Siye tutabakia hapa mujini, tulinde beach, bandari ya muto."

Basi tukawa na jogoo asiyeruhusiwa kuguswa na mwanamke, na mwanamke asiyeruhusiwa kuonwa na wanaume. Nikamwambia Célestin amtoe jogoo na kumweka pale kizingitini, nikamtazama kwa upenyo wa pazia. Alikuwa jogoo mzuri, mwekundu, mkubwa, mwenye upanga uliosimama. Lakini alikuwa amekalia mkia, miguu ameinyoosha mbele, kichwa kinarudi nyuma kana kwamba anaangalia paa. Célestin alipomsimamisha, alianguka kwa ubavu.

"Anakula nini?" nikauliza.

Sébastien akatoa kifua. "Loso ya Bazungu. Muchele mweupe ya magasin, safi, hapana hata kijiwe. Miye mwenyewe namupa na mukono. Tangu mwezi moja na nusu, hapana kula kingine."

Nilijua papo hapo. Sisi ni watu wa mpunga. Babu zetu ndio walioupanda huku, na mimi nimekua miguuni pa kinu. Mama yangu alinifundisha nikiwa sijafikia urefu wa mchi: kuku wa kufungiwa ukimlisha mchele uliosuguliwa mpaka ukang'aa, bila pumba, bila jani, bila mdudu, miezi miwili haiishi atakuwa amekaa chini. Mchele ule wa dukani umevuliwa kila kitu. Umrudishie pumba zake, kuku anasimama siku ya tatu. Wala si uchawi. Mtu wa Yanonge, mtoto wa wauza kuku, angelijua hilo, lakini Sébastien alikuwa ametaka kumheshimu jogoo wake kwa chakula cha mabwana. Alikuwa akimuua kwa heshima.

"Niachie Célestin," nikasema. "Nitamfundisha la kufanya kutoka hapa."

Sébastien akashukuru. Akainuka, akapita mbele ya cherehani iliyofunikwa shuka, akaenda zake. Hakuigusa, lakini niliona ameitazama.

Célestin alibaki amechuchumaa na jogoo kati ya magoti. Akahakikisha mkubwa wake amefika mbali, kisha akasogea karibu na pazia.

"Mama Kadidja, nakuomba kitu moja. Acha ile kuku vile iko."

"Kwa nini, papa Célestin?"

"Ikibakia chini, tunabakia mujini. Siku Bazungu banafika, miye navuka na pirogue, naenda Isangi kwa bokilo yangu, jamaa ya Angèle. Angèle anajua. Alisha kufunga biloko yetu ya safari. Mais kule ku barabara ya Lubutu, nitakimbilia wapi?"

"Na wewe unaiamini hiyo dawa yao?"

Akacheka kidogo. "Ah, mama. Miye iko menuisier. Naamini musumari."

Nikamwambia nitafikiri.

Na nilifikiri. Sitaki mtu aseme kwamba sikufikiri. Nilikaa kwenye mkeka, kofia ya Amuri mapajani, nikaona mambo yote mawili kama ninavyouona mkono wangu. Jogoo akibaki chini, kikosi kinabaki mjini. Wazungu wakija, Célestin anavuka mto. Lakini Sébastien naye anavuka. Anavua ile ngozi ya chui, anaitupa majini, anafika Yanonge, anakaa kimya mwaka mmoja au miwili. Kisha siku moja naenda sokoni kununua chumvi, na pale namkuta, ana matenga yake, anapaza sauti, anasifia kuku wake. Mtu ananiuliza habari ya afya. Na Amuri hana hata kaburi.

Hilo la soko sikuweza kulistahimili. Niliwaza tena na tena, na kila mara damu ilinichemka upya.

Jogoo akisimama, Sébastien anaenda barabara ya Lubutu akiwa wima, kifua wazi, akiamini. Hatalala chini. Hatageuka nyuma. Dawa yenyewe inamkataza. Sikuhitaji bunduki wala sumu. Nilihitaji kufanya kazi yangu tu, na kuifanya vizuri. Kuhusu Célestin nilijiambia hivi: huyu haamini chochote, huyu ni mjanja, risasi ya kwanza tu atakuwa kichakani. Nilijiambia mara nyingi. Mtu anayejiambia jambo mara nyingi hivyo ana sababu zake.

Nikakata shauri kabla ya chai ya asubuhi.

Nikamtuma Kadidja kuchuma kongobololo. Nikatwanga majani kwa tangawizi, nikachanganya na mawese, na katikati ya yote hayo nikatia pumba za mpunga nilizopepeta mwenyewe, nyingi, mpaka ikawa donge jeusi la kijani ambalo hakuna mtu angejua lina nini. Nikamwaga kumbikumbi waliokaangwa juu yake. Sharti lilisema mkono wa mwanamke usimguse jogoo. Halikusema neno juu ya jikoni. Nikampitishia Célestin madonge chini ya pazia, yamefungwa kwenye jani.

"Kwa hiyo unaiponyesha," akasema.

"Ninajaribu tu. Inaweza kukataa."

Akafanya nilivyomwagiza. Alimfungua jogoo mdomo kwa vidole vile vikubwa, kwa upole, akamlisha donge moja asubuhi, moja adhuhuri, moja jioni. Nikamwambia amkande mapaja kwa mafuta ya moto yenye tangawizi, kutoka juu kwenda chini, kila kidole akinyooshe. Kukanda kule hakukuwa na kazi kubwa. Lakini mgonjwa akitibiwa lazima watu waone mikono inafanya kitu. Mchele mweupe nikaupiga marufuku, nikasema unagombana na majani.

Siku ya pili jogoo akashika kichwa sawasawa. Siku ya tatu akasimama, akitetemeka, akaanguka, akasimama tena. Siku ya tano akatembea barazani kwangu, kivulini, kutoka benchi mpaka cherehani, akaruka juu yake, akapiga mabawa, akawika. Sijawahi kuponya kuku vizuri namna ile, kabla wala baadaye. Nililia nyuma ya pazia kwa furaha, na furaha ile ilikuwa chungu kuliko kongobololo.

Ndipo nikamwona Célestin. Alikuwa amekaa chini, mikono imelegea, anamtazama jogoo kwa macho ambayo sikuyajua.

"Mama Kadidja," akasema polepole, "miye nilishika ile maguu. Ilikuwa imekufa. Baridi kabisa."

"Kuku hupona, papa Célestin."

"Siku tano? Hapana. Kama dawa yao ni uongo, ingesimama namna gani? Niliona na macho yangu, miye mwenyewe." Akapangusa mikono yake yenye mafuta kifuani, taratibu, kama mtu anayejipaka kitu. "Labda ni kweli, mama. Labda risasi itakuwa mayi."

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa mawili tu: ni pumba. Ningeyasema, yeye angecheka, angesema ah mama, angerudi kuamini msumari wake. Lakini Célestin alikuwa na mdomo mwepesi, na Sébastien alikuwa na masikio. Utani mmoja tu kambini, na Sébastien naye angeanza kutilia shaka. Nikafunga mdomo.

Kesho yake kikosi kikapita mbele ya nyumba kuelekea barabara ya Lubutu. Niliwatazama kwa upenyo wa pazia. Sébastien mbele, ngozi ya chui kichwani, kifua kimejaa. Nyuma yake Célestin na kikapu. Wengine hamsini hivi, wakiimba. Angèle alisimama kwenye ua wake, biloko zake zimefungwa mlangoni, hakulia, hakupunga mkono. Mimi nilisema kimoyomoyo: nenda, Patalo. Nenda wima.

Siku tisa hatukusikia kitu. Kisha Jumatatu, adhuhuri, watu wakaanza kukimbia kutoka upande wa mashariki, na mmoja wao alikuwa anasukuma baiskeli ambayo juu yake alilazwa Célestin. Risasi ilikuwa imemwingia tumboni. Kikapu kilikuwa bado kimefungwa mgongoni mwake, na ndani yake jogoo, mzima, hana hata unyoya uliopungua.

Angèle akaja uani, akasimama akishika miti, akaniita yaya, dada mkubwa, kama kawaida yake.

"Yaya, Célestin amerudi. Ameumia sana."

"Na wengine?"

"Anasema bamekwisha bote. Commandant alienda mbele ya magari, kifua wazi, anapiga kelele mayi, mayi. Hata mukono hakuweka mbele ya uso. Risasi ya kwanza."

Niliingia ndani. Nikachukua kofia ya Amuri nikajiziba nayo mdomo, nikacheka. Nilicheka kile kicheko ambacho mume wangu alishindwa kukitoa siku ile, nilikicheka kwa niaba yake, mpaka nikakaa chini kama yeye alivyokaa mavumbini mwaka wa uhuru. Mbavu ziliniuma. Kadidja alisimama mlangoni akinitazama, akaogopa kuingia. Sijuti kicheko kile. Ukiniuliza leo nitakujibu vilevile: Sébastien alistahili, na laiti angekuwa na vifua viwili.

Kisha nikasikia, ng'ambo ya ua, Célestin akilia kwa maumivu, na kicheko kikakatika.

Nilituma kila kitu nilichokuwa nacho. Shubiri ya kuosha kidonda, majani ya kufungia, asali iliyobaki. Angèle alivipokea vyote na kusema asante yaya. Lakini ninatibu kuku, mimi, na tumbo la mtu lililopigwa risasi si kazi yangu. Jumanne asubuhi ndege zikamwaga askari wa Kizungu juu ya mji, na milio ikawa kila mahali. Jumatano Célestin akafa. Angèle alimchimbia kaburi nyuma ya nyumba kwa mikono yake na jembe moja, maana hakuna aliyethubutu kutoka. Nilimsikia akichimba siku nzima. Mimi nilikuwa ndani ya eda, na nilishukuru kwamba niko ndani ya eda.

Mwezi mmoja ukapita. Pondu na samaki havikupitishwa tena juu ya ua.

Eda yangu iliisha siku ile Wakristo wanapika vya mkesha wa Noeli. Nikaoga, nikavua nyeupe, nikafungua pazia, nikatoka barazani kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Angèle alikuwa amekaa kwenye benchi la Amuri. Kikapu kilikuwa magotini mwake.

"Umemaliza yako, yaya," akasema.

"Nimemaliza."

"Yangu inaanza. Niko na maulizo tatu tu." Alikuwa ametazama barabarani, si usoni kwangu. "Célestin aliniambia mbele ya kufa. Alikuomba uache kuku chini. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na ulijua kama ikisimama, banaenda ku vita?"

"Nilijua. Nilimtaka Sébastien, Angèle. Wewe unajua alichonifanyia."

"Najua. Miye njo nilikulisha." Akakisogeza kikapu. "Célestin alikuwa mutu ya kukimbia. Siku yote alisema atakimbia. Mais kule hakukimbia, alitembea mbele na wengine. Aliniambia: kuku ilisimama, Angèle, miye niliona. Sasa uniambie: kuku ilisimama na nini?"

Ningeweza kudanganya. Angeridhika na majani, watu wote huridhika na majani. Lakini nilikuwa nimekula samaki wake miezi mitatu.

"Pumba," nikasema. "Alikuwa anakula mchele mweupe peke yake. Nilimrudishia pumba tu. Kuku yeyote angesimama."

"Na Célestin, ulimwambia?"

Hilo lilikuwa swali la nne, lakini sikumhesabia.

"Sikumwambia."

Angèle aliinua kichwa akanitazama, kwa mara ya kwanza. Nilitarajia anipige, anitemee mate, apige yowe mtaa mzima ujue. Ningestahili na ningekubali. Yeye aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeonyeshwa jinsi ya kufunga fundo. Akanyanyuka na kikapu chake, akaenda.

Nilidhani atamchinja. Jioni ile nilisubiri harufu ya mchuzi, sikuinusa. Asubuhi nikamwona jogoo amefungwa kamba mbele ya mlango wake, ameelekezwa upande wa mlango wangu. Akawika. Nikajua kwamba hicho ndicho kisasi chake, na nikasema moyoni si kibaya, nitakizoea. Nilimdharau, Angèle wangu. Nilisahau nimemfundisha.

Mwezi wa Februari akaja barazani na kikapu, akakiweka kizingitini. Jogoo alikuwa amekalia mkia, miguu mbele, kichwa kinaangalia paa.

"Ponyesha," akasema.

Sikuwa na eda tena, na dawa ya yule mganga ilikuwa imekufa na watu wake, kwa hiyo nilimshika mwenyewe. Nikaminya kifuko cha shingoni. Punje, punje, punje, zote laini, zote za namna moja. Nikampanua mdomo nikaona ya mwisho bado ipo kooni. Ilikuwa mchele mweupe, uliong'aa.

Mwaka ule mji wetu ulikuwa na njaa. Mchele wa dukani ulikuwa wa maofisa. Nilimtazama Angèle, mashavu yameingia ndani, mikono kama fito, na nikajua kwamba yeye mwenyewe anakula mihogo, tena si kila siku.

"Angèle," nikasema, "mwache afe. Nakuomba. Nitakupa kuku wengine, nitakupa cherehani ya Amuri."

"Miye sitaki ikufe," akajibu. "Nataka isimame. Unajua namna, yaya."

Ninajua namna. Nikaenda kwenye ungo.

Huu ni mwaka wa tatu. Ameniletea jogoo yule mara saba. Manyoya yake yamefifia, ukucha mmoja umekatika, lakini anaishi, maana mganga wake ni mzuri. Kila mara ninatwanga, ninapepeta, ninakanda kidole kwa kidole, na miguu ile ni baridi kabisa kama Célestin alivyosema. Angèle anakaa kwenye benchi, anatazama mikono yangu. Siku ya tano jogoo anatembea kutoka benchi mpaka cherehani.

"Inasimama?" ananiuliza, ingawa anaona.

"Anasimama."

"Bon."

Anamchukua, anarudi kwake. Baada ya muda mfupi, ng'ambo ya ua, namsikia akimmiminia mchele.